Uzamili katika ujenzi wa amani: mtu wa Mbarali asome nini, na akasome wapi?

Mwana Usangu (Rujewa)

Wanajukwaa, habari za majukumu.

Mimi ni afisa maendeleo ya jamii katika kata mojawapo ya Wilaya ya Mbarali. Nina shahada ya kwanza ya sosholojia na uzoefu wa kazi unaozidi miaka mitano. Kwenye karatasi kazi yangu ni vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu pamoja na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, lakini wanaoifahamu Mbarali watanielewa nikisema kwamba siku zangu nyingi huishia kwenye vikao vya mkulima ambaye mpunga wake umeliwa, mfugaji ambaye ng'ombe wake wamekamatwa, na watu wa mwisho wa mfereji wanaolalamika kwamba wenzao wa juu wameyafunga maji.

Natamani kusoma shahada ya uzamili katika ujenzi wa amani, hasa upande ule unaoitwa amani chanya, yaani amani iliyo zaidi ya kutokuwepo kwa vita. Kila ninapolitaja wazo hili nakutana na swali moja. Katika usaili wa ufadhili fulani mjumbe aliniuliza, huku akitabasamu, kama nakusudia kuhamia nchi yenye vita, maana kwetu amani ipo tele. Nilijibu nilivyojibu, lakini swali lile bado nalifikiria.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Kwanza, je, mtu anayetoka mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini, ambako hakujawa na vita tangu enzi za mababu, ana jambo la kweli la kutafiti katika taaluma hii, au ataishia kuandika juu ya Burundi na Kongo kama wengine? Pili, kwa mtumishi mwenye familia, ni afadhali shahada kamili ya nje, au stashahada ya uzamili ya karibu?

Mhadhiri wa Gangilonga (Iringa)

Ndugu Mwana Usangu, swali la mjumbe yule lisikukere, kwa sababu taaluma yenyewe ilikua kwa kulijibu. Johan Galtung, msomi wa Norway aliyefariki 2024, alianzisha taasisi ya utafiti wa amani pale Oslo mwaka 1959 na jarida lake mwaka 1964, na tangu mwanzo alitenganisha amani hasi, yaani kutokuwepo kwa mapigano, na amani chanya, ambayo ni kuwepo kwa mahusiano na mifumo inayomwezesha kila mtu kuishi maisha ambayo hali ya wakati wake inayaruhusu. Katika makala yake ya 1969 alitoa mfano ambao huwa nawasomesha wanafunzi kabla ya kitu kingine chochote. Mtu aliyekufa kwa kifua kikuu karne ya 18 hakutendewa ukatili na yeyote, kwa kuwa tiba haikuwepo. Anayekufa kwa ugonjwa huohuo wakati tiba ipo duniani amekufa kwa ukatili, ingawa huwezi kumwonyesha kidole aliyempiga. Huo ndio aliouita ukatili wa kimfumo.

Sasa tuulete mfano huo nyumbani. Mikoa yetu ndiyo ghala la taifa: mahindi ya Mbozi, viazi vya Njombe na Makete, mpunga wa Usangu, maharage na maziwa ya Rungwe. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulikuta kwamba watoto wenye umri chini ya miaka mitano waliodumaa ni takribani asilimia 57 katika mkoa wa Iringa na takribani nusu katika Njombe na Rukwa, ilhali wastani wa nchi nzima ni asilimia 30. Hakuna risasi iliyolia Mufindi wala Sumbawanga. Watoto hawa wamezaliwa katika amani ile ambayo mjumbe wako aliisifu, tena katika nyumba ambazo aghalabu zina magunia ya mahindi darini. Wataalamu wa lishe hutaja mlo wa nafaka pekee, mama anayeshinda shambani akimwachia mtoto mdogo ndugu yake aliyemzidi miaka michache, na mavuno yanayouzwa bila mama kuwa na sauti juu ya fedha. Kila mojawapo ya hayo ni uhusiano kati ya watu: nani anafanya kazi, nani anaamua, nani anakula nini. Mwanafunzi wa amani chanya anayeshindwa kuona jambo la kutafiti hapo atakwenda kulitafuta Goma bure.

Hata hivyo usiende darasani ukidhani hoja hii imekwisha kukubalika. Mwanauchumi Kenneth Boulding, aliyekuwa mwenzake Galtung katika taaluma hiyohiyo, alimpinga hadharani mwaka 1977, na sehemu ya hoja yake ilikuwa kwamba umaskini na vita ni mambo yenye vyanzo tofauti, kwa hiyo ukiyaweka yote chini ya jina la ukatili unaweza kushindwa kuyaelewa yote mawili. Mimi humwona Boulding ana haki kwa nusu. Ninaposahihisha andiko la utafiti namtaka mwandishi anionyeshe njia: ni sheria gani, desturi gani, bei gani au mpaka upi unaofanya madhara yawafikie watu hawa na kuwaacha wale. Asiponionyesha, ameandika malalamiko yenye marejeo. (Na sura ya kwanza inayoanza na Rwanda ilhali utafiti wenyewe ni wa Kilolo, huwa naikata bila huruma.)

Kwa upande wako wewe, eneo lako ni darasa. Mto Ruaha Mkuu hupeleka maji kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, na tangu miaka ya mwanzo ya 1990 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Usangu na Ihefu pamoja na mifugo yao, wengi wakielekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Mwaka 2008 pori la akiba la Usangu likaunganishwa na hifadhi hiyo, na mipaka hiyo ikazalisha mgogoro na vijiji uliosababisha tangazo jingine la serikali mwaka 2023. Kwa jicho la amani hasi, kuwaondoa wafugaji kulimaliza ugomvi wa mahali pale. Kwa jicho la amani chanya, ugomvi ulipakiwa kwenye malori na kupelekwa kwingine, na waliobaki hawakujengewa chombo cha kukubaliana juu ya maji. Umeme wa mtu wa Dar es Salaam, mpunga wa mtu wa Ubaruku, malisho ya Msukuma na tembo wa hifadhi vyote vinadai mto mmoja. Sijui mahali pengi duniani ambapo mwanafunzi angepata somo la namna hii akiwa na baiskeli tu.

Binti Makambako (Njombe)

Shikamoo Mhadhiri. Mimi nitajibu swali la pili, kwa kuwa nimelifuatilia kwa muda mrefu kwa ajili yangu na wenzangu kazini.

Ukitaka shahada kamili ya nje, majina yanayotajwa zaidi ni Bradford ya Uingereza, ambako idara ya masomo ya amani ilianzishwa 1973 kwa msaada wa Wakweka (Quakers, Wakristo wanaopinga vita), na Adam Curle akawa profesa wake wa kwanza. Na Uppsala ya Sweden, inayosifika kwa takwimu za migogoro ya silaha duniani kote. Kipo pia Chuo Kikuu cha Amani cha Costa Rica, kilichoanzishwa kwa azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1980. Angalia tofauti zao kabla ya kuvutiwa na majina. Anayependa kuhesabu na kulinganisha nchi ataifurahia Uppsala. Anayetaka kuelewa jinsi watu waliogombana wanavyorudi kuzungumza asikimbilie huko.

Ufadhili unaofahamika zaidi katika fani hii ni ule wa Rotary, mtandao wa kimataifa wa vilabu vya huduma kwa jamii. Unagharamia masomo, malazi na nauli, na waliochaguliwa hupelekwa katika vyuo ambavyo Rotary imeingia navyo ubia, vikiwemo Bradford, Uppsala, Queensland ya Australia na Makerere ya Uganda. Kwa shahada ya uzamili wanataka uzoefu wa kazi usiopungua miaka mitatu, na ni lazima usome nje ya nchi yako. Kwa stashahada wanataka miaka mitano. Maombi hufunguliwa Februari na kufungwa katikati ya Mei. Mwanachama wa Rotary haruhusiwi kuomba, wala mwenzi wake au mwanawe, kwa hiyo kama mzazi wako ni mwanachama usipoteze muda.

Kwa hali yako, Ndugu Mwana Usangu, mimi ningeiweka Makerere mbele. Ni stashahada ya uzamili ya mwaka mmoja iliyotengenezwa kwa watu walio kazini: unasoma kwa muda Kampala, kisha unarudi kwenu na kutekeleza mradi uliouandika mwenyewe huku ukiendelea kusimamiwa. Mtu mwenye kata yake na vikao vyake vya migogoro anaingia akiwa na mradi mkononi tayari, ilhali wengi huutafuta wakiwa hukohuko. Shahada kamili itakutoa kazini kwa mwaka mmoja na nusu au miwili, utahitaji ruhusa ya mwajiri, na ukirudi unaweza kukuta umehamishiwa wilaya isiyokuwa na hata mfereji mmoja.

Kuna njia nyingine ambayo watu wa Mbeya huisahau, nayo ni kusini. Chuo Kikuu cha Copperbelt kilichoko Kitwe, Zambia, kina taasisi ya masomo ya amani na migogoro yenye jina la Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyekufa kwa ajali ya ndege karibu na Ndola mwaka 1961. Reli ya TAZARA inapita hapohapo Mbeya hadi Kapiri Mposhi, mlango wa kuingilia Copperbelt. Nairobi kuna chuo cha Hekima cha Wajesuti, ambacho hutoa uzamili wa masomo ya amani na mahusiano ya kimataifa. Popote utakapochagua nje ya nchi, hakikisha mapema kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwamba cheti chako kitatambuliwa. Nimeona watu wakiliuliza swali hilo baada ya kuhitimu, wakati wa kupandishwa daraja.

Mzee wa Uyole (Mbeya)

Nimewasoma wote kwa utulivu. Mimi si msomi wa chuo. Nimekuwa mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji na baadaye nikahudumu katika kamati ya usuluhishi ya kanisa, kwa hiyo pokeeni maneno yangu kama ya mtu wa uwanjani.

Mhadhiri, naheshimu hoja yako ya udumavu, lakini nakuomba ufikirie itasikikaje kwa wenye watoto. Ukisimama mbele ya akina mama wa kijiji fulani cha Makete na kuwaambia kwamba kudumaa kwa watoto wao ni ukatili, kila mmoja atajiuliza anashtakiwa yeye au mumewe, na kikao kitakufa. Kitabuni ukatili wa kimfumo hauna mtendaji, lakini katika kijiji kila jambo lina mtendaji, na asipopatikana hutafutwa bibi kizee mwenye macho mekundu. Nadhani mnaelewa namaanisha nini. Hili la kuwasingizia wazee uchawi ni jambo ambalo mwanafunzi wa amani wa mikoa hii hawezi kulipita kando, kwa kuwa hapo ndipo watu wanapotafutia jibu la msiba ambao mfumo haukuwapa maelezo yake.

Nasikia pia kuna zile nguzo nane za amani chanya za taasisi ya uchumi na amani iliyoko Sydney: serikali inayofanya kazi vizuri, mgawanyo wa haki wa rasilimali, mtiririko huru wa habari, ujirani mwema, rushwa ndogo na nyinginezo. Semina zetu za wilayani hupenda kuzibandika ukutani. Nguzo hizo zilitengenezwa kwa kulinganisha nchi na nchi, na kwa kazi hiyo zinafaa, ila sijaona namna ya kupima ujirani mwema wa vitongoji viwili vinavyogombea birika la kunyweshea ng'ombe kwa kipimo cha mataifa. Anayekwenda kusoma ajifunze kushuka chini ya hapo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imelipa baraza la ardhi la kijiji wajumbe saba, na watatu kati yao ni lazima wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha, haliwezi kumlazimisha mtu. Baada ya marekebisho ya sheria ya 2021 baraza la kata nalo limebaki na usuluhishi, na hukumu imekwenda kwenye baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Wengi waliona kwamba mabaraza yamenyang'anywa meno. Mimi nakaribia kuamini kinyume chake, kwamba mjumbe asiye na adhabu mkononi hulazimika kuwasikiliza watu, lakini hilo linahitaji mtu alipime kwa utafiti. Je, wale wanawake watatu husema, au huandikwa tu kwenye mahudhurio? Pande zikishindwana hapo, zinafika wilayani, au mwenye nauli ndiye anayefika? Hayo ni maswali yanayoweza kubeba tasnifu nzima.

Kuna na utani. Wahehe na Wangoni walipigana vibaya kati ya 1878 na 1882, na leo ni watani wanaochukuliana vitu msibani bila ugomvi. Vijana wanaoandika tasnifu hupenda sana mada hii, nami sina ugomvi nayo, lakini waseme ukweli wote. Utani umekomaa kati ya watu ambao hawagombei tena ardhi ileile. Hakuna utani utakaomtuliza mkulima wa Igurusi aliyeamka akakuta mpunga umelala.

Mhadhiri wa Gangilonga (Iringa)

Mzee wangu, kuhusu lugha ya kikaoni nakubali kabisa, na ninatofautisha neno la uchambuzi na neno la kuzungumza na watu. John Paul Lederach, ambaye vitabu vyake vya kubadilisha migogoro husomwa karibu kila kozi ya fani hii, anasisitiza kwamba mbinu ichipuke kutoka katika maarifa ya watu wenyewe badala ya kuletwa ikiwa imekwisha fungwa. Kuhusu utani sikubaliani nawe kwa ukamilifu. Kwamba haufanyi kazi palipo na mgogoro wa ardhi ni dhana inayohitaji ushahidi, na Wasukuma wenyewe wana utani na makabila kadhaa. Mtu aende akaangalie kama wafugaji waliokaa Usangu kwa vizazi viwili wameanza kutaniana na wenyeji wao, na kama wameanza, kwa mambo yapi na mbele ya nani.

Mwana Usangu (Rujewa)

Nawashukuru sana, hasa Mzee wa Uyole kwa lile swali la wanawake watatu, kwa sababu katika kata yangu najua baraza ambalo mmoja wao ndiye anayesikilizwa kuliko mwenyekiti, na jirani yake lipo baraza ambalo wote watatu huja na kuondoka bila neno. Sikuwahi kuiona tofauti hiyo kama mada. Nimeegemea Makerere, na mradi uwe juu ya mabaraza ya vijiji katika migogoro ya maji na malisho. Nina wasiwasi mmoja uliobaki: je, inafaa kutafiti katika kata ambayo mimi mwenyewe ni mtumishi wake?

Binti Makambako (Njombe)

Inafaa, ila kwa masharti, na vyuo vingi vitakuuliza hilohilo katika kamati ya maadili ya utafiti.

Shida haiko kwenye vibali. Utapata barua ya chuo na kibali cha utafiti kinachotakiwa, utavipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, vitashuka wilayani, kisha kwa watendaji wa kata na vijiji, na kwa kuwa wanakufahamu hutakwama. Shida ni kwamba wewe ndiye unayepitisha majina ya vikundi vya mikopo. Mama akikaa mbele yako na daftari lako haoni mtafiti, anaona mkopo wake. Atakuambia baraza linafanya kazi vizuri sana, na wanawake wote watatu husema.

Kwa hiyo ningeshauri kata yako uiache kama mahali pa kuanzia kufikiri tu, na data ukazikusanye katika kata mbili au tatu ambazo huna mamlaka yoyote juu ya mikopo yao, ikiwezekana moja ya wakulima wa mfereji na nyingine iliyo karibu na mpaka wa hifadhi. Tafuta msaidizi wa utafiti anayezungumza Kisukuma, na mwingine anayezungumza Kisangu, kwa sababu mfugaji mzee anayejibu kwa Kiswahili cha ofisini atakupa majibu ya ofisini. Kaa kwenye vikao vyenyewe na kuandika nani alizungumza, kwa muda gani, na nani alikatizwa, kabla ya kumhoji mtu yeyote. Hilo halitegemei mtu kukuamini. Majina ya vijiji yafiche katika ripoti, maana mgogoro wa mipaka ya hifadhi haujapoa na ripoti yako inaweza kufika mahali ambapo hukuipeleka.

Maombi yanafunguliwa Februari. Ukiandika ukurasa mmoja unaoeleza swali lako la mabaraza, utume hapa tuusome kabla hujaujaza kwenye fomu.

Mzee wa Uyole (Mbeya)

Nami nitausoma, ila uandike kwa Kiswahili kwanza.